Bei ya Kidole cha Baba Furaha

Kabla sijapoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna shirika Kakuma linalonunua vidole vya miguu. Nasema niliamini, si kwamba nilisikia tu. Nilijua mpaka bei. Kidole gumba kilikuwa ghali kuliko vyote, kile kidogo cha mwisho kilikuwa rahisi, na cha mtu mwenye sukari kilitafutwa kuliko cha mtu mwenye afya, kwa sababu ati ng'ambo kuna madaktari wanaovichunguza ili watengeneze dawa. Aliyenieleza ni kinyozi wa pale sokoni, mtu ambaye aliwahi kuniambia pia kwamba mafuta ya Lokichar hutembea chini ya ardhi usiku na kurudi asubuhi. Hilo nalo nililiamini, ila halikunigharimu kitu.

Usinicheke haraka, wewe unayesoma. Mimi ni mtu wa cheti. Nilisoma shule ya jioni kule Lodwar nikiwa na miaka thelathini na tano, nikiketi kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakinigusa masikio, na mwalimu akiandika ubaoni kwa mwanga wa taa ya sola iliyozimika kila alipofika kwenye jibu. Nilipata C ya Kiswahili, ambayo mimi huihesabu kama A kwa sababu ya umri. Lakini nimejifunza kwamba cheti hakimzuii mtu kuwa mjinga; kinampa tu maneno mazuri ya kuutetea ujinga wake. Ndiyo maana naandika haya. Kama una sukari, au una mtu wako mwenye sukari, soma polepole, kisha ukavue viatu.

Jina langu ni Ewoi. Natengeneza akala, vile viatu vya tairi ambavyo mtu akivivaa anaweza kutembea hadi Todonyang na kurudi bila soli kujua kwamba imesafiri. Kibanda changu kiko soko la Kakuma mjini, na ubavuni mwangu, umbali wa mkono kunyooshwa, kuna kibanda cha Baba Furaha. Huyu ni Mkongomani, fundi wa kushona viatu vya ngozi, mkimbizi anayeishi kambini na familia yake. Mimi nauza vipya, yeye anafufua vilivyokufa. Miaka minne tulikaa hivyo kwa amani. Yeye aliniita Mwalimu, kwa sababu ya cheti changu na kwa sababu sikuweza kumwacha mteja aseme "kiatu yangu" bila kumsahihisha.

Sukari ilinishika wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kilichoificha. Huku kwetu kila mtu ana kiu. Nani atajua kwamba kiu yako ni ugonjwa? Nilikunywa maji kama ngamia aliyerudi kutoka mpaka wa Sudan. Mke wangu, Mama Ekiru, alianza kuficha mtungi. Nilikojoa mpaka nikaona miti ya mathenge nyuma ya nyumba inachipua upya, na sisimizi walikuwa wakinisubiri pale nyuma kwa mstari, kama watu wa foleni ya mgao. Mwili ukaniisha. Nilitoboa mshipi wangu matundu manne kwa msumari wa akala, na tundu la tano nililitoboa nikiwa nimelala, kwa sababu kusimama kulinizungusha kichwa.

Nilikwenda Lodwar, hospitali kubwa. Nilikaa kwenye benchi tangu jua la asubuhi likiwa kwenye magoti yangu hadi lilipohamia ukutani. Kulia kwangu alikuwa mama aliyetoka Kalemng'orok na mtoto mgongoni. Kushoto mzee aliyelala akiwa ameketi, na kila jina likiitwa aliitika, lolote lile, liwe la mwanamume au la mwanamke. Nilipoingia, mashine ya kupimia ilishindwa kunisoma. Iliandika herufi badala ya namba. Nesi alisema sukari imepita mwisho wa mashine. Mimi nilirudi Kakuma nikijisifu mwezi mzima kwamba nimeishinda mashine ya serikali.

Nilipewa vidonge, nikaambiwa habari za chakula, na nikawa mtu wa kwenda Lodwar kila dawa zikiisha. Ilikuwa safari ya siku nzima, na wakati mwingine dawa ziliisha wiki mbili kabla ya nauli kupatikana. Hapo nilikaa tu, nikinywa maji, nikiusikiliza mwili.

Sasa tufike kwa Baba Furaha. Yeye pia ana sukari. Aliipata kabla yangu, na hata hilo lilinikera kidogo, maana nilidhani nimepata ugonjwa wa wakubwa peke yangu. Karibu na Pasaka moja kibanda chake kilifungwa wiki tatu. Aliporudi alikuwa anachechemea, na mguu wake wa kulia ulikuwa hauna kidole gumba. Hakusema mengi. Aliketi, akachukua sindano yake, akaendelea na kiatu alichokiacha.

Mwezi mmoja baadaye simu yake ikaanza kulia.

Ililia mara moja kwa mwezi, mlio wa ujumbe wa hela kuingia, na kila ilipolia Baba Furaha aliitazama, akatabasamu, akasema Mungu ni mwema. Mtu asiseme Mungu ni mwema karibu na masikio yangu kila mwezi bila kunieleza wema wenyewe ni wa kiasi gani. Nilimuuliza kinyozi, maana kinyozi hunyoa watu wa mashirika. Akaniinamishia kichwa, akanieleza habari ya vidole. Kila kitu kikakaa mahali pake. Kidole kimekwenda, hela zimekuja. Huhitaji hata C ya hesabu.

Nikawa naumwa na magonjwa mawili, na wa pili hauna kidonge. Baba Furaha alinunua mwavuli mkubwa, ule wa rangi nne, akausimika mbele ya kibanda chake. Wateja wangu wakawa wananunua akala kwangu na kwenda kuzijaribia kivulini kwake. Wakifika pale wanakumbuka kwamba wana kiatu cha ngozi nyumbani kilichochanika. Nilipoutazama ule mwavuli sikuona mwavuli. Niliona kidole gumba cha mguu, kimefunguliwa, kina rangi nne, kinawapa watu kivuli.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Mama Ekiru alikuwa akipita sokoni anamsalimia kwanza yeye, "Ejok, Baba Furaha," kwa sauti ndefu yenye asali, halafu mimi ananiuliza kama nimenunua kuni. Jioni alinisimulia jinsi Baba Furaha alivyoacha soda, alivyoacha kuweka sukari kwenye chai, alivyonenepa kidogo mashavuni. Nilimwambia kwamba mtu akiwa na shirika linalomtumia hela hata mimi ningenenepa mashavuni. Akasema, "Na wewe nenda kwa Asekon basi. Si umbali wa kutupa jiwe?"

Asekon ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mama mwenye begi la buluu na hatua ndefu. Yeye na wenzake walikuwa wameanza kuwapima wagonjwa wa sukari na presha kwenye kituo kidogo cha mabati karibu na kanisa, wenyeji na wakimbizi pamoja, na jambo hilo lilikuwa na hela za simu ndani yake. Siku niliyokwenda mara ya kwanza alilieleza lote, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, nusu saa nzima. Nilikuwepo. Sikusikia hata neno, kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma ya Baba Furaha na nilikuwa nauangalia mguu wake, nikijiuliza kama vidole tisa vilivyobaki vimeshapata mnunuzi.

Basi nilijiandikisha, na zamu yangu ilipofika Asekon alinitoboa kidole cha mkono, akaandika namba, kisha akaniambia nivue viatu.

Hapo roho yangu iliruka. Kwa nini mtu anayetibu sukari ya damu atake kuona miguu? Alipiga magoti, akashika vidole vyangu kimoja kimoja, akavitenganisha, akachungulia katikati, akabonyeza, akageuza mguu akatazama kisigino. Sisi tumezaliwa kwenye mifugo. Najua mnunuzi anavyomkagua mbuzi: anafungua mdomo anahesabu meno, anabonyeza mbavu, anainua mguu. Asekon hakuacha kitu ila kunifungua mdomo.

Halafu akatoa kijiuzi kigumu, kama unywele wa mkia wa punda. Akaniambia nifumbe macho, na kila akinigusa unyayoni niseme nahisi.

Nilifumba macho. Nilisubiri. Sikuhisi kitu chochote. Mguu wangu ulikuwa kimya kama gogo, na ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba uko kimya. Ungeniuliza mimi wa leo, ningekwambia hapo ndipo pa kupiga kelele. Lakini mimi wa siku ile nilikuwa sokoni. Muuzaji hamwambii mnunuzi kwamba mbuzi huyu anakohoa. Nilisikiliza pumzi ya Asekon, akiinama nasikia nguo yake inasugua sakafu, nasema, "Nahisi." Akihamia mguu wa pili nasikia goti lake likilia, nasema, "Nahisi." Nilipata kumi kwa kumi. Sijawahi kupata kumi kwa kumi shuleni, jioni wala mchana.

Asekon aliandika kwenye daftari lake, akasema miguu yangu ni mizuri, nirudi mwezi ujao.

Siku tatu baadaye simu yangu ililia. Hela kidogo, za kutosha nauli na unga, lakini zilikuwa zangu. Nilijua mara moja ni nini. Ilikuwa arbuni. Mnunuzi ameipenda bidhaa, ameweka kitu cha kuishikilia, na yeye ndiye atakayerudi. Muuzaji mwenye heshima hamfuati mnunuzi aliyeweka arbuni. Ataonekana ana shida, na bei itashuka. Kwa hiyo mwezi uliofuata sikwenda kituoni. Nilikaa kibandani kwangu na vidole vyangu kumi, nikijifanya sina haraka.

Simu haikulia. Ya Baba Furaha ililia.

Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu nilianza kuamini kwamba Wakongomani wameharibu soko, wanauza kwa bei ya chini. Nilipomwona Baba Furaha akienda kituoni na kurudi akiwa na vidole vile vile tisa nilichanganyikiwa, kisha nikaelewa: analipwa kidogo kidogo, kwa miezi, maana kidole gumba ni ghali mno kulipwa kwa mara moja. Wivu una akili nyingi sana. Ukiukosesha jibu unajitungia lake, na linakuwa zuri kuliko la kweli.

Asekon alikuja nyumbani mara mbili kuniuliza mbona siji. Mara ya kwanza nilimwambia bei ikifika tutaongea. Alicheka, akidhani ni mzaha wangu wa kawaida, kwa kuwa mimi ni mtu wa mizaha na hilo ndilo tatizo la kuwa mtu wa mizaha. Mara ya pili nilijificha nyuma ya nyumba, kwa sisimizi wangu.

Halafu mvua ikaja. Mto Tarach uliteremka mwekundu, ukabeba mbuzi, masufuria na mti mzima wa mathenge hadi ng'ambo ya daraja. Maji yalipopungua nilivuka kwenda kutafuta tairi kuukuu kwa mtu mmoja, nikarudi nazo begani. Jioni nilivua akala, na moja ikakataa kutoka. Niliivuta. Nilipoigeuza niliona mwiba wa mathenge, mrefu kama kidole cha shahada, umepita tairi, umepita ngozi, umeingia chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Nilikuwa nimetembea nao tangu adhuhuri. Niliuchomoa kwa koleo kama unavyochomoa msumari kwenye ubao. Kikulacho ki viatuni mwako.

Nataka uniamini hapa, kwa sababu hapa sitii chumvi: haukuuma hata kidogo, na nikawa na furaha. Kidogo tu, lakini ilikuwa furaha. Nilipaosha kwa maji ya chumvi, nikavaa soksi, na nikajiambia kwamba hata kidole cha Baba Furaha lazima kilianza hivi. Labda wanavitaka vikiwa vimeanza kuharibika. Labda ndiyo maana cha kwangu kilikataliwa, kilikuwa kizima mno.

Chini ya hesabu hizo kulikuwa na woga. Nilikuwa najua. Mtu hukaa na kidonda wiki mbili ndani ya soksi bila kujua? Kila asubuhi nilichungulia: kidole kilikuwa chekundu, kikawa zambarau, kikawa cheusi, na cha pili yake kikaanza kukifuata kama ndugu mdogo. Mwili ulitetemeka mchana wa jua kali. Kiu ilirudi. Lakini ningekwenda kwa Asekon, angeuliza kwa nini nilisema nahisi. Na ningekwenda bila kuitwa, mimi muuzaji. Basi nikavaa soksi ya pili juu ya ya kwanza.

Mama Ekiru ndiye aliyeisikia harufu. Aliitafuta siku mbili. Alitoa ngozi zote za kulalia nje, akamwagia maji sakafu, akamlaumu paka. Siku ya tatu alisimama katikati ya nyumba, akapanua pua.

"Kuna kitu imekufa hapa ndani," alisema.

Nilimwambia pengine ni panya. Akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa soksi mbili Kakuma, mahali ambapo mijusi hutembea kwa kunyanyua miguu. Alinisukuma kitandani kwa mkono mmoja, na mimi nilianguka kama gunia, nguvu sikuwa nazo. Alivuta soksi. Kisha akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Ewoi," alisema.

Tangu mwana wetu Ekiru azaliwe hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Baba Ekiru. Ningependa anipige kuliko kuniita vile. Nikajaribu kumfanya acheke, nikamwambia asihofu, hii ni mali, atapata mwavuli wake. Hakuelewa, wala hakucheka. Alitoka mbio bila viatu kwenda kumwita Asekon.

Asekon alikuja na begi lake. Alinipima, akafumba midomo. Alipitisha vidole vyake mguuni kutoka goti kwenda chini, akaniuliza ananigusa wapi, na safari hii sikuweza kudanganya, maana nguo yake haikusugua kitu.

"Ulisema unahisi," alisema.

"Nilisema."

"Baba Ekiru, ningejua ningekuchunga. Ningekuja kila wiki. Ulinidanganya kwa nini?"

Niliufunika mguu kwa shuka. Asekon hakungoja. Alipiga simu tatu, na kabla ya saa moja kuisha nilikuwa njiani kwenda Lodwar nimelazwa nyuma ya gari, mguu juu ya magoti ya Mama Ekiru. Hakusema neno hadi tulipoliona daraja la Turkwel. Hapo aliuliza kama nimeona jinsi mto ulivyojaa. Nilijua basi bado niko ndani ya ndoa.

Wodini niliwekewa maji ya mshipa na dawa ya sindano, nikachomwa vidole vya mikono kupimwa mpaka nikahisi kama chujio. Daktari kijana alinieleza jambo lenyewe bila kuzunguka. Wataiteremsha sukari kwanza, wataangalia uozo unakwenda wapi. Ukisimama, watakata vidole viwili. Ukipanda, watakata chini ya goti. Tusubiri.

Tulisubiri siku tatu. Sijui kama umewahi kulala ukiungoja mguu wako uamue. Asubuhi waliniwekea alama ya kalamu kwenye ngozi, mahali weusi ulipofika, na mchana kutwa nilikuwa nikiitazama ile alama kama mtu anayetazama maji ya mto yakikaribia boma. Niliwaza akala. Mtu wa mguu mmoja atauza viatu gani? Ananunua nani viatu kwa fundi asiye na pa kuvivaa? Joto lilikuwa la kuivisha mayai, na pangaboi lilizunguka polepole kana kwamba nalo linaumwa. Mama wa usafi, ambaye sikuwahi kulijua jina lake, alikuwa kila adhuhuri akimwaga maji sakafuni chini ya kitanda changu na kuyaacha kidogo kabla ya kuyapangusa, ili ubaridi unipandie. Hakuna aliyemwagiza. Mzee wa kitanda cha jirani, mchungaji wa mbuzi, alipiga mluzi akiwa usingizini kuwaita wanyama wake, na mimi usingizini niliitika.

Weusi haukuvuka alama. Walikata vidole viwili, cha mwisho na cha pili yake, na mguu ukabaki.

Nikueleze mwili unavyokuwa baadaye, maana hakuna aliyenieleza. Utadhani vidole viwili vidogo havina kazi, lakini ndivyo vinavyokushikilia usianguke kushoto. Miezi miwili nilitembea kama meza yenye mguu mfupi. Viliniwasha, vidole ambavyo havipo, mimi niliyeshindwa kuvihisi vilipokuwepo. Nilijitengenezea akala mpya, iliyofungwa mbele, yenye tabaka mbili za tairi na sponji ndani, na sasa wenye sukari wenzangu wanaziagiza hadi kutoka Kalobeyei. Leo ninapoandika, nimepita mvua mbili na kiangazi kimoja bila kukosa mwezi hata mmoja kwa Asekon. Akinigusa kwa ule uzi nasema, "Sihisi," kwa sauti ya kumwamsha pasta wa kanisa la jirani. Kila asubuhi Mama Ekiru hugeuza nyayo zangu juani akazisoma kama barua. Wewe pia tafuta mtu wa kukusomea. Kama huna, tumia kioo. Na ukiulizwa kama unahisi, sema ukweli, hata kama unaona unapoteza mteja.

Lakini siwezi kumaliza bila kusema yaliyotokea siku ya nne baada ya kukatwa, ingawa ningetamani kuyaruka.

Nilikuwa nimelala na simu chini ya mto. Tangu nilipozinduka nilikuwa nikiihakikisha ina chaji. Nilimwomba kila mgonjwa mwenye waya. Mama Ekiru alidhani nasubiri salamu za ndugu. Nilikuwa nasubiri malipo. Baba Furaha alitoa kimoja, mimi nimetoa viwili. Kwa siku nne nilitazama ile simu, na kwa siku nne ilikaa kimya kuliko mguu wangu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga malalamiko rasmi, yenye aya tatu, kwa Kiswahili sanifu.

Ndipo Baba Furaha akaingia. Alikuwa amefunga kibanda, akachukua gari tangu alfajiri. Alikuwa na maziwa kwenye chupa, na hela za akala zangu nne ambazo wateja walikuwa wamezilipia kwake nikiwa sipo, amezifunga kwenye karatasi. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akautazama mguu wangu uliofungwa bandeji, akatikisa kichwa.

"Pole, Mwalimu. Pole sana."

Sikumshukuru. Namna wivu ulivyokuwa umenijaa, hata maziwa yake niliyaona kama majigambo. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini ili mke wangu asisikie, kwamba mwenzangu, cha kwako walikulipa baada ya siku ngapi?

Hakuelewa. Nikamfafanulia. Kidole. Shirika. Malipo ya kila mwezi. Arbuni yangu. Nilimwambia sina kinyongo kwamba yeye alilipwa kwanza, lakini cha mtu ni cha mtu, na vyangu ni viwili.

Baba Furaha aliweka chupa ya maziwa sakafuni. Nilidhani atacheka, na kama angecheka ningejitetea. Hakucheka. Aliushika mguu wangu mzima, akauweka vizuri juu ya shuka, na akaniambia polepole, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda nyumbani.

"Kidole yangu hakuna mutu aliinunua, Mwalimu. Ilioza, badokta bakaikata, bakaitupa ku moto. Ile franga ya ku simu ni ya kwenda kupimwa kwa Mama Asekon. Ukienda banakutumia, usipoenda habakutumie. Mie naendaka kila mwezi. Weye ulienda mara moya."